Karatasi mbili, dawa mbili: tezi yangu inakimbia au imelala?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 31, naishi Morogoro na mume wangu na watoto wawili. Wa pili ana miezi saba, bado ananyonya. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemuuliza ananiongezea swali badala ya kunipunguzia.

Mtoto alipofikisha miezi mitatu nilianza kusikia moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Usiku jasho hadi shuka linaloa. Mikono ikawa inatetemeka, nikiandika ubaoni mstari unapanda na kushuka, watoto wa darasa la tatu wakawa wanacheka. Nilikonda kilo sita huku nakula kuliko kawaida yangu. Mtaani maneno yakaanza, nawe unajua mwanamke akikonda baada ya kujifungua watu husema nini. Nikapima UKIMWI mara mbili, sina. Nikaenda hospitali moja, wakanitoa damu, wakasema tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Karatasi ilisema TSH 0.02, FT4 2.4. Nikapewa kabimazoli miligramu 20 kwa siku na propranololi, nikaambiwa nirudi dawa zikiisha.

Zilinisaidia kweli. Baada ya mwezi hivi moyo ulitulia. Zilipoisha sikurudi, Mama, nasema ukweli. Nilionyesha kopo tupu duka la dawa nikauziwa nyingine, maana foleni ya hospitali inakula siku nzima na mwalimu mkuu alishaanza kununa.

Halafu mambo yakageuka. Nikaanza kuhisi baridi, hapa hapa Morogoro kwenye joto hili, navaa sweta saa nne asubuhi. Choo kigumu. Nywele zinabaki kwenye kitana. Asubuhi uso umejaa kama mtu aliyelia usiku kucha. Siku moja nililala juu ya madaftari ofisini kwa walimu hadi kengele ya kwenda nyumbani. Kilo zilizopotea zimerudi na nyingine mbili juu. Mume wangu anasema nimekuwa mvivu. Shingo nayo imejaa kidogo kwa mbele. Nikaenda hospitali nyingine: TSH 48, FT4 6. Daktari akasema, "Tezi yako imekufa, utakunywa dawa maisha yako yote," akaniandikia levothairoksini maikrogramu 100. Alikuwa na haraka, hakuniuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia, nami nikaona aibu kusema nilikuwa nanunua mwenyewe. Hii ni wiki ya tatu nazimeza zote tatu, asubuhi na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki.

Mume wangu ameziweka karatasi mbili mezani. TSH imepanda, FT4 imepanda. "Vyote vimepanda," anasema, "iweje waseme tezi imelala?" Sikuwa na jibu. Nakutumia picha zake uone.

Mama mkwe, ambaye ni mwenyeji wa Makete, anasema ni rovu, niongeze chumvi kwenye chakula. Shoga yangu ameniletea vidonge vya bayotini vya kurudisha nywele. Dada wa duka la dawa amesema nimwachishe mtoto ziwa. Jirani anasema mwisho wa yote ni operesheni. Mama, nina ugonjwa gani? Niache dawa ipi? Ni kweli maisha yote? Na je, nitazaa tena?

Mama Wawili, Morogoro

*

Marahaba mwanangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani hadi nilipostaafu, na hicho kidonge cha levothairoksini nakimeza mwenyewe kila alfajiri tangu 2009. Kwa hiyo naongea nawe kama muuguzi na kama mgonjwa mwenzako. Mimi si daktari wako, na jina la ugonjwa wako halitatoka kwenye barua hii. Ila kuna jambo moja ulilolitaja katikati, kama jambo dogo, nalo ndilo la kwanza.

Unameza dawa mbili zinazovutana. Kabimazoli inaizuia tezi isitengeneze homoni. Levothairoksini ni homoni yenyewe, unaletewa kutoka nje kwa sababu ya ndani haitoshi. Wapo wagonjwa wanaopewa zote mbili kwa makusudi, daktari mmoja akiwa amepanga hivyo na akiwapima mara kwa mara. Kwako haikuwa hivyo. Daktari wa kwanza hamjui wa pili, wa pili hana habari za wa kwanza, na katikati yao upo wewe na kopo tupu unaloonyesha dukani.

Kesho rudi kwa yule wa pili. Beba makopo na pakiti zote, hata zilizoisha, na karatasi zote mbili. Ukikaa tu, kabla hajaanza kuandika, mwambie hivi: "Daktari, siku niliyopimwa TSH ikawa 48 nilikuwa kwenye kabimazoli miligramu 20 kwa wiki kama kumi na mbili bila kupimwa katikati, na hadi leo naimeza." Aibu uiache nyumbani. Sentensi hiyo moja inaweza kugeuza kila alichokuambia, kwa sababu tezi iliyofungwa mikono na dawa si sawa na tezi iliyokufa. Uamuzi wa kuacha kabimazoli uwe wake, akiwa ameyajua yote, na sidhani utamchukua muda mrefu. Mwulize na propranololi. Ilikuwa ya kutuliza moyo uliokuwa ukienda mbio, na sasa huenda moyo wako unakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Lakini usiikate ghafla kwa uamuzi wako. Moyo uliozoea kushikwa na dawa hiyo ukiachiwa mara moja unaweza kuruka vibaya.

Kuna onyo la kabimazoli ambalo huenda hukupewa, maana wengi hawapewi. Ukipata homa, au koo likauma sana, au vidonda mdomoni, acha kabimazoli saa hiyo hiyo, uende hospitali siku hiyo hiyo ukapimwe wingi wa seli nyeupe za damu. Hapo huna haja ya kusubiri ruhusa ya mtu. Ni watu wachache sana wanaopatwa na hilo, lakini dawa hii inaweza kufuta zile seli zinazopigana na vijidudu. Nakumbuka binti aliyeletwa wodini akiwa na homa ya siku nne. Nyumbani walishampa dawa ya malaria na kumsukutulisha maji ya chumvi. Niliuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, akatikisa kichwa. Mama yake akafungua fundo kwenye pindo la khanga, humo mkiwa na noti mbili zilizokunjwa na kipande cha pakiti chenye vidonge vinne vilivyobaki. Ilikuwa kabimazoli. Alipona, lakini tulikaa naye karibu wiki mbili, na siku za mwanzo sikuwa na uhakika. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na ndiyo maana nakuandikia haya kwa herufi nzito moyoni. Kama daktari atakuachisha dawa hiyo, vizuri. Kama atakubakizia hata nusu kidonge, onyo hili libaki nawe.

Sasa karatasi zako. Mwambie mumeo hakukosea kuuliza. Nimezitazama picha zote mbili. FT4 ndiyo homoni yenyewe ya tezi, ile iliyomo kwenye damu. Kwenye ile ya kwanza, pembeni ya 2.4 kuna herufi ndogo, ng/dL, na kiwango cha kawaida kilichochapwa kando yake kinaishia 1.7. Kwenye ya pili, pembeni ya 6 kuna pmol/L, na kiwango cha kawaida kinaanzia 12 hadi 22. Maabara mbili, vipimo viwili. Ni kama mmoja amekuletea mahindi debe mbili na mwingine kilo sita, nawe ukasema sita ni nyingi kuliko mbili. Ile 2.4 ukiigeuza iwe kwa kipimo cha karatasi ya pili inakuwa karibu 31. Kwa hiyo homoni yako haikutoka 2.4 ikapanda hadi 6. Ilitoka 31 ikaporomoka hadi 6. Ilikuwa juu ya kawaida, sasa iko nusu ya kiwango cha chini. Hivyo ndivyo mwili wako ulivyokuambia, kutoka jasho la usiku hadi sweta la saa nne.

TSH ndiyo inayowachanganya wengi, na hata wahudumu wengine huisoma kinyume. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuisimamia hii ya shingoni. Fikiria mashine ya kusaga unga ya mtaani kwenu, na msimamizi aliyekaa ofisini anayeita "ongezeni!" TSH ni sauti ya msimamizi. Unga ukiwa mchache anapaza sauti, ukiwa mwingi hadi unamwagika ananyamaza. Siku ile ya 0.02 msimamizi alikuwa amenyamaza kabisa kwa sababu unga ulikuwa umejaa kila mahali. Siku ya 48 alikuwa anapiga kelele, kwa sababu mashine imesimama. TSH kupanda ni dalili kwamba tezi imezidiwa au imezuiwa. Namba mbili zikisomwa pamoja zinasema kitu kimoja, hazigombani.

Na huyo msimamizi ni mzito wa kubadilika. Homoni ikishakuwa juu kwa muda mrefu, TSH inaweza kubaki chini kwa wiki nyingi, hata miezi, baada ya homoni kushuka. Ndiyo sababu mtu aliyeanza kabimazoli hupimwa tena baada ya wiki nne hadi sita, na hupimwa FT4 pamoja na TSH, kisha dozi ikapunguzwa. Hapo ndipo ulipopotelea. Kuambiwa "rudi dawa zikiisha" hakukutosha, na duka la dawa halikupaswa kukuuzia tena bila karatasi mpya. Nawe pia ulikwepa foleni. Nasema bila kukulaumu, kwa sababu nimeiona foleni hiyo kutoka upande wa pili wa meza.

Una ugonjwa gani? Nikisikia "mtoto miezi mitatu" kwanza akili yangu inagawanyika njia mbili, na daktari mzuri atazipima zote.

Njia ya kwanza ni ugonjwa wa Graves, ulioitwa jina la daktari Robert Graves wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Humo kinga ya mwili inatengeneza kingamwili zinazojifanya msimamizi. Zinaiamrisha mashine isage usiku na mchana, na yule msimamizi wa kweli hata akinyamaza haisaidii. Hapo kabimazoli ndiyo dawa yake, kwa kawaida kwa miezi 12 hadi 18, dozi ikishushwa kidogo kidogo. Ikiwa ndiyo hadithi yako, basi kilichotokea ni kwamba dozi ya kuanzia iliendelea bila kupunguzwa hadi mashine ikasimama.

Njia ya pili wengi hawaijui, hata wanawake wenyewe, na huwapata karibu 5 katika kila 100 ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Ni uvimbe wa tezi, si ule wa saratani, unaokuja baada ya uzazi. Tezi ya shingo ina ghala nyuma ya mashine, homoni iliyokwisha tengenezwa ya kutosha wiki nyingi. Wakati wa ujauzito kinga ya mwili hutulia ili imvumilie mtoto. Mtoto akishatoka, kinga huamka, na kwa wengine huamka vibaya ikaishambulia tezi. Ghala linapasuka, homoni inamwagika kwenye damu, mama anatetemeka na kukonda, kwa kawaida mwezi wa kwanza hadi wa nne. Ghala likishakuwa tupu na mashine bado ina majeraha, anaingia awamu ya pili: baridi, usingizi, choo kigumu, kati ya mwezi wa nne na wa nane hivi. Wengi hurudi sawa kabla mtoto hajatimiza mwaka au baada kidogo. Baadhi hawarudi.

Unaona inavyofanana na barua yako? Lakini unaona pia kwa nini siwezi kuapa? Kama ni ghala lililopasuka, kabimazoli haikuwa na kazi, kwa sababu inazuia kusaga na haiwezi kuziba kinachovuja. Moyo ungetulia wenyewe pale pale ulipotulia, na mgonjwa akaamini ni dawa. Na baadaye, mashine ikiwa imejeruhiwa, kabimazoli ikaongeza uzito juu ya majeraha. Njia zote mbili zinafika kwenye TSH 48.

Vya kuzitenganisha vipo. Daktari atakuangalia macho, kama yametokeza au yanawasha na kuwa mekundu, maana Graves hupenda kukaa huko. Ataweka kifaa cha kusikilizia juu ya shingo. Kipimo kinachosaidia zaidi ni cha kingamwili zile zinazoichochea tezi, maabara huziita TRAb. Si kila maabara inakifanya na si cha bei rahisi, kwa hiyo kama mfuko hauruhusu vyote, TSH na FT4 vya kurudia ndivyo vya lazima, na TRAb uulize kama kadi ya bima inaihudumia. Kuna pia picha inayotumia kiasi kidogo cha mionzi kuona kama tezi inanyonya au inavuja. Hiyo hufai kupigwa sasa ukiwa unanyonyesha bila kwanza kuzungumza na daktari juu ya mtoto. Ukiona mnazunguka bila jibu, omba rufaa kwa daktari bingwa wa homoni, na hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili wanao.

Hayo maneno "maisha yote" uyaweke pembeni kwanza, mwanangu. Hayawezi kusemwa juu ya mtu ambaye bado anameza dawa ya kuizima tezi. Kabimazoli ikishaondolewa, na wiki sita hadi nane zikapita, ndipo damu itasema kitu. Kama ni uvimbe wa baada ya uzazi na daktari akakubakiza kwenye levothairoksini, kwa kawaida hujaribu kuipunguza baada ya miezi sita hadi kumi na miwili aone kama tezi inasimama yenyewe.

Na ikitokea kweli ni maisha yote? Mimi ni maisha yote. Mwaka 1891, Newcastle nchini Uingereza, daktari kijana George Murray alimchoma sindano ya maji ya tezi ya kondoo mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amevimba uso, anaongea polepole, hawezi tena kufanya kazi zake. Kabla ya hapo watu wa aina yake walikuwa wanafifia hadi wanakufa. Yule mama aliishi miaka 28 mingine. Leo kinachofanya kazi ile ni kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi, na ni kitu kile kile ambacho mwili ungekitengeneza wenyewe. Hakikusanyiki kuwa sumu. Kikipimwa sawasawa, siku zangu ni kama za mtu mwingine yeyote. Nilipoambiwa nililia, sikufichi, nililia kwenye daladala mbele za watu. Ningependa wakati ule kuna mtu angeniambia habari za yule mama wa Newcastle.

Lakini kidonge hicho kinataka heshima, na wewe hujakipa. Chai ya maziwa inakizuia kisiingie chote damuni. Vidonge vya damu vinashika sehemu yake, vinatoka nayo. Inawezekana wiki tatu zote hizi umepata nusu tu ya dozi yako, nusu nyingine imepotea kikombeni. Fanya hivi: weka kopo kando ya kitanda pamoja na kikombe cha maji kilichofunikwa. Mtoto anapokuamsha alfajiri kunyonya, meza kidonge kwa maji matupu. Ukimaliza kumnyonyesha, ukamrudisha kulala, ukaoga, saa moja imepita, sasa kunywa chai yako kwa raha. Vidonge vya damu vihamishie usiku, viachane na hicho kingine kwa muda wa angalau saa nne. Kopo lisikae dirishani wala juu ya friji, joto linakiharibu. Na usisubiri nafuu ya kesho. Dawa hii hujaa mwilini taratibu, nusu yake hukaa kama wiki nzima kabla haijatoka, ndiyo maana kupima kabla ya wiki ya sita ni kutupa pesa. Mimi nilianza kujisikia mtu wiki ya nne.

Bayotini ya shoga yako, mshukuru halafu iweke kabatini. Nywele zinadondoka kwa sababu ya tezi, na nyingine kwa sababu ya kujifungua, zitarudi. Tatizo la bayotini ni maabara. Mashine nyingi za kupima homoni huitumia bayotini ndani yake, na ile uliyomeza inaingilia, karatasi ikaonyesha TSH ya chini na FT4 ya juu isiyo ya kweli. Daktari angeweza kukurudisha kwenye kabimazoli kwa sababu ya kidonge cha nywele! Iache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na kama ni ya nguvu kubwa, zaidi. Ukitaka ushauri wangu, iache tu.

Mama mkwe msikilize kwa adabu, anayoyasema yana asili. Makete, Njombe, Rungwe, nyanda zile za juu zilikuwa na rovu nyingi kwa sababu udongo wake una iodini kidogo, na miaka ya 1980 watu wa huko walikuwa wakigawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini. Yeye ameona shingo zile kwa macho yake. Ila tatizo lako halijaanzia kwenye chumvi. Pika na chumvi yenye madini joto kama kila nyumba inavyotakiwa, kwa kiasi kile kile. Kuongeza hakutaiponya tezi na kutapandisha presha. Operesheni huwekwa kwa shingo kubwa inayobana pumzi, uvimbe wenye wasiwasi wa saratani, au Graves iliyoshindikana kwa dawa. Shingo yako ilivyojaa kidogo inahitaji kupapaswa na pengine kupigwa ultrasaundi, basi.

Mtoto usimwachishe. Levothairoksini haina neno kwa anayenyonya, kabimazoli isiyozidi miligramu 20 kwa siku nayo huruhusiwa kwa mama anayenyonyesha, ukiimeza baada ya kunyonyesha. Kitu ambacho hakipatani kabisa na kunyonyesha ni tiba ya iodini ya mionzi, na hakuna aliyekupendekezea. Kuzaa tena, ndiyo, wanawake wengi wenye matatizo ya tezi wanazaa vizuri. Lakini kwa sasa tumia uzazi wa mpango, usishike mimba hadi damu itulie, kwa sababu kabimazoli miezi ya mwanzo ya mimba inaweza kumdhuru mtoto, na homoni ikiwa chini mimba nayo inayumba. Siku ukikosa hedhi ukiwa bado kwenye levothairoksini, usiache kidonge, nenda wiki hiyo hiyo ukapimwe, kwa kawaida dozi huongezwa. Na kama itathibitika ni ule uvimbe wa baada ya uzazi, mwambie mkunga wa mtoto wa tatu tangu siku ya kwanza. Hupenda kurudi.

Baba watoto, najua barua hii utaisoma pia, maana wewe ndiye uliyepanga karatasi mezani. Mtu mwenye FT4 ya 6 halali kwa uvivu. Damu yake inakwenda polepole, tumbo linakwenda polepole, hata mawazo. Nimewahi kukaa kitandani nikitazama viatu vyangu robo saa nzima nikikosa nguvu ya kuinama kuvifunga. Kesho mshikie mtoto nje ya chumba cha daktari ili aweze kuongea bila kukatishwa. Na kama anakaa kimya siku nyingi, analia bila sababu, hana hamu na mtoto, hilo pia alitaje kwa daktari, kwa sababu tezi na huzuni ya baada ya uzazi hufuatana, na vyote vinatibika.

Mwanangu, chukua kalamu sasa, juu ya kila karatasi andika umri wa mtoto siku ile ya kipimo na dawa uliyokuwa unameza. Kwenye ya kwanza: miezi mitatu, hakuna dawa. Kwenye ya pili: miezi sita, kabimazoli 20. Ya tatu itakapotoka, baada ya wiki sita, omba iwe maabara ile ile ya pili, kisha nipigie picha zote tatu unitumie.